Tundu Katikati ya Bampa

Land Rover za zamani zina tundu katikati ya bampa ya mbele. Ni tundu la mviringo, si kubwa, na wengi hulipita bila kulitambua kwa sababu macho huvutwa na taa na grili. Ukichutama ukachungulia, utaona limenyooka na kitovu cha injini, na huko ndani, kwenye ncha ya kranki, kuna meno ya chuma yanayosubiri kushikwa. Humo ndimo inamopita hendeli, ile fimbo ndefu iliyopindwa mara mbili ambayo zamani haikukosa nafasi yake nyuma ya kiti. Mtu akiisukuma mpaka ikamate meno, kisha akaizungusha, anazungusha injini yenyewe kwa mkono wake.

Peugeot 404 nayo ilikuwa na njia ya hendeli. Ndilo gari ambalo Bert Shankland, dereva wa Tanzania, alilitumia kushinda Safari Rally mwaka 1966 na tena 1967. Gari lenye sifa za namna hiyo lilitoka kiwandani likiwa tayari kuamshwa na mkono wa mtu aliyesimama mbele yake kwenye vumbi.

Kinachonigusa ni kwamba kuna mtu aliyekaa mezani akalichora tundu hilo. Land Rover ilipooneshwa kwa mara ya kwanza mjini Amsterdam mwaka 1948, stata ya umeme ilikuwa imeshazoeleka. Charles Kettering wa Marekani alikuwa ameitengeneza miaka mingi nyuma, na magari ya Cadillac yalikuwa yakiuzwa nayo tangu 1912. Kabla ya hapo magari mengi ya petroli yaliwashwa kwa hendeli, na kazi hiyo ilivunja mikono ya watu wengi, maana injini ikiwaka kabla ya wakati wake hurudi kinyume kwa nguvu na kukipeleka chuma kwenye kifundo cha mkono cha aliyekishika. Stata ilipokuja, ilipokelewa kama ukombozi, na ilistahili. Wahandisi wa Land Rover waliijua historia hiyo yote. Wakafunga stata nzuri, wakafunga betri, kisha wakatoboa bampa vilevile. Walikuwa wanakiri, tangu siku ya kwanza, kwamba nguvu waliyoiweka ndani ya gari hili itaisha siku moja mahali wasipopajua, na wakamwachia mtu wa mahali hapo pa kutia mkono.

Tunduma, mpakani na Zambia, ni mji unaoelewa jambo hilo vizuri, kwa sababu ni mji wa kusimama. Lori linatoka Dar es Salaam, linakwenda zaidi ya kilomita 900, linapanda Kitonga likiunguruma, linavuka baridi ya Makambako, linapita Mbeya na Mlowo, na katika njia yote hiyo betri zake ziko salama kabisa. Injini inazunguka, oltaneta inazijaza, hakuna kinachopungua. Kisha linafika Mpemba, linakuta mkia wa foleni, na hapo ndipo linapoanza kuugua. Dereva anazima injini ili asichome dizeli. Anasikiliza redio. Anachaji simu yake na ya utingo wake. Usiku anawasha taa ya ndani kwa sababu karatasi za mzigo zinatakiwa kukaguliwa tena. Foleni ikisogea anawasha, anakwenda mita chache, anazima. Kila akiwasha, stata inakunywa kwa pupa kiasi ambacho mwendo wa mita chache hauwezi kukirudisha. Lori kubwa lina betri mbili za volti 12 zilizoungwa kutoa volti 24, na zote mbili zinakwisha pamoja. Asubuhi moja dereva anageuza ufunguo na kusikia mlio mmoja mkavu.

Kituo cha pamoja cha forodha cha Tunduma na Nakonde, kilichozinduliwa Oktoba 2019 na Rais John Magufuli pamoja na Rais Edgar Lungu wa Zambia, kilijengwa ili magari yasimame mara moja badala ya mara mbili. Kimesaidia, lakini foleni haijasahaulika, na vijana wenye betri na nyaya za kubustia bado wana kazi mjini. Napenda kuwaangalia wakifanya kazi. Mmoja anashika nyaya, mwingine anakwangua ukungu mweupe kwenye vichwa vya betri kwa msasa, na dereva wa lori la nyuma, ambaye jana walikuwa wakizozana naye juu ya nafasi, ndiye anayesogeza gari lake karibu ili atoe umeme.

Vijijini Mbozi mambo ni hayohayo kwa sura nyingine. Gari la mkulima husimama kwa sababu msimu wa kahawa umekwisha na hakuna pa kwenda. Zamani, kabla nguzo za umeme hazijafika na kabla sola hazijaenea, betri yenyewe ilifunguliwa ikahamia sebuleni kuendesha redio au televisheni ndogo, na mechi kubwa ikipigwa ukumbi ulikuwa kwa mwenye gari. Betri ya risasi na asidi, ambayo Mfaransa Gaston Planté aliianzisha mwaka 1859 na ambayo haijabadilika sana tangu hapo, haipendi maisha ya namna hiyo. Ina vyumba sita, kila kimoja kikitoa volti 2 na kidogo, na ikijaa hufikia volti 12.6 hivi. Ikiachwa bila chaji, sahani zake za risasi hujifunika salfeti, na salfeti hiyo ikikaa muda mrefu hugeuka kuwa tabaka gumu lisilokubali kuyeyuka tena. Ndiyo maana betri iliyotumika kila siku kwa miaka inaweza kuishinda ile iliyowekwa stoo ikiwa mpya. Kinachoichosha zaidi ni kukaa tupu bila kazi.

Julai ni mwezi wa baridi kwenye nyanda za Mbozi. Umande unalala juu ya majani ya kahawa mpaka jua linyanyuke, mafuta ya injini yanakuwa mazito, na ndani ya betri kemia inakwenda polepole. Ni mwezi wa mavuno pia, kwa hiyo baridi na haja ya gari hukutana siku moja. Katika asubuhi kama hiyo, kwenye boma moja si mbali na Vwawa, nilikuta Land Rover ndefu ya petroli, ile ya 109, iliyotengenezwa kabla ya mwaka 1967, imepakiwa magunia ya kahawa iliyokauka tayari kwenda chama cha msingi. Haikuwaka. Mwenyewe, mzee aliyestaafu zamani, aligeuza ufunguo na kusikiliza kwa makini kama daktari. Stata ilitoa sauti moja ya kugonga. Taa nyekundu kwenye dashibodi ilififia lakini haikuzimika.

"Bado ina roho kidogo," alisema. "Ya kuzungusha haipo. Ya kuchoma plagi ipo."

Katika sentensi hizo mbili kulikuwa na fizikia yote ya asubuhi ile. Stata ya injini kama hiyo inataka ampia zaidi ya 100 ili ianze kuizungusha. Koili inayotoa cheche kwenye plagi inataka ampia 3 au 4 tu. Betri iliyokufa kwa stata inaweza kuwa hai kabisa kwa koili. Kinachokosekana ni mzunguko, na mzunguko unaweza kutoka popote: kwenye mteremko, kwenye mabega ya watu, kwenye mkono. Sijui kifaa kingine cha siku hizi kinachokubali msaada kutoka sehemu nyingi namna hiyo.

Walianza na mabega. Hakuna aliyeitwa, lakini walikuja. Walikuja wachumaji wa kahawa na vikapu vyao wakaviweka chini, akaja mwanafunzi mwenye sare, akaja kijana wa bodaboda aliyekuwa akipita. Mzee alipanda kwenye usukani, akafungua swichi, akakanyaga klachi, akaweka gia ya pili. Gia ya kwanza ingeuma ghafla na kukwamisha matairi. Ya pili hukubali kwa upole. Walisukuma mpaka mwendo ukapatikana, mmoja akapaza sauti, "Achia!", na mzee akaachia klachi. Gari lilishtuka, likateleza kwenye nyasi zenye umande, likasimama. Walirudia, likasimama tena. Magunia yalikuwa mazito na uwanja haukuwa na mteremko.

Hapo mzee akashuka, akatoa hendeli nyuma ya kiti, akampa mjukuu wake.

Kijana aliishika kama mtu yeyote anavyoshika mpini wa jembe, gumba likizunguka upande wa pili. Mzee alimzuia mkono.

"Hapana, mjukuu wangu. Gumba lisizunguke. Lilaze upande mmoja na wenzake."

"Kwa nini, babu?"

"Likirudi, liupite mkono. Lisikute kitu cha kuvunja."

Kisha akamfundisha yale mengine. Gia iwe huru, breki ya mkono ivutwe. Choki itolewe. Swichi ikiwa bado imezimwa, azungushe polepole mara chache ili silinda zinyonye petroli. Ndipo swichi ifunguliwe. Sasa aizungushe hendeli mpaka aguse mgandamizo, pale injini inapokataa na mkono unahisi kitu chenye nguvu kimekaa upande wa pili. Akifika hapo, hendeli iwe chini, avute kwenda juu kwa mara moja, robo ya mzunguko, basi. Asisukume kwenda chini kamwe, kwa sababu anayesukuma chini ameegemeza mwili wake wote juu ya chuma, na injini ikirudi itamkuta hana pa kwenda. Anayevuta juu, ikirudi, hendeli humponyoka kwenye vidole.

Nililiona jambo ambalo bado ninalo. Kijana alipofika kwenye ule mgandamizo uso wake ulibadilika. Alikuwa amepanda gari hilo tangu utotoni, ameliosha, amelijaza mafuta, lakini ilikuwa mara ya kwanza anahisi silinda ikibana hewa. Injini ilikuwa mkononi mwake bila ufunguo wala kitufe kati yao. Alivuta. Injini ikakohoa. Akatafuta tena mgandamizo, akavuta, nayo ikashika, kwanza kwa silinda chache, kisha kwa zote nne, na hendeli ikajitoa yenyewe kwenye meno kama ilivyoundwa kufanya. Mzee tayari alikuwa ameketi, mguu kwenye mafuta, anairudisha choki kidogo kidogo. Taa nyekundu ilizimika mwendo ulipoongezeka, maana yake dainamo ilikuwa imeanza kulisha betri.

Dainamo ile inastahili kusemwa zaidi. Magari ya baadaye yana oltaneta, na oltaneta nyingi zinahitaji kwanza kupewa umeme kidogo na betri ndipo zianze kuzalisha. Betri ikiwa tupu kabisa, gari la oltaneta linaweza kusukumwa mpaka watu wachoke. Dainamo ina tabia nyingine. Chuma chake huhifadhi kiasi kidogo cha usumaku tangu mara ya mwisho ilipofanya kazi, hata kama gari limelala miezi. Ikizungushwa kwa kasi ya kutosha, usumaku huo huzaa umeme mdogo, umeme huo huongeza usumaku, nao huongeza umeme, mpaka mashine inajitosheleza.

Gari la umri huo lina siri nyingine inayowapa shida vijana wa kubustia. Chanya ya betri ndiyo iliyofungwa kwenye mwili wa gari, na hasi ndiyo inayokwenda kwenye nyaya. Leo ni kinyume, na kila anayeshika nyaya za kubustia amefundishwa kwamba mweusi ni mwili. Akifuata mazoea yake bila kuuliza, atageuza mkondo, na bampa za magari mawili zikigusana kutakuwa na shoti kubwa. Inatakiwa chanya kwa chanya na hasi kwa hasi kwa kufuata alama zilizo kwenye betri zenyewe, miili ya magari isigusane, na kibano cha mwisho kifungwe kwenye chuma cha injini mbali na betri, kwa kuwa betri inayochajiwa hutoa haidrojeni na cheche ndogo inaweza kuilipua. Mzee alikuwa amepaka rangi nyekundu kwenye waya wa mwili ili yeyote atakayefungua boneti asimame kwanza na kuuliza.

Nikiwa Tunduma siwezi kufikiria habari za kuwasha kilichozimika bila kukumbuka jinsi sehemu hii ilivyopata barabara yake. Novemba 11, 1965, serikali ya walowezi ya Ian Smith ilijitangazia uhuru huko Rhodesia, na muda mfupi baadaye Zambia, iliyotegemea njia ya kusini kwa mafuta yake, ikakatiwa. Ndege zilianza kubeba mapipa ya mafuta kutoka Dar es Salaam. Malori yakaanza kubeba kwa nchi kavu, yakipita hapa Tunduma, kwenye barabara ya udongo iliyotisha kiasi kwamba iliitwa njia ya jehanamu. Mwaka 1968 likafunguliwa bomba la mafuta la TAZAMA, kilomita 1,710 mpaka Ndola. Lami ikafuata, kisha reli ya TAZARA, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, iliyojengwa kwa msaada wa China na kukabidhiwa mwaka 1976. Nchi nzima ya jirani ilikuwa imesimama, na njia ya kuiwasha ilipita kwenye mji huu.

Na fadhila hiyo ilirudi kwa njia ambayo watu wa mkoa wa Songwe waliiona kila jioni. Gridi ya Tanzania ilikuwa mbali, na kwa miaka mingi TANESCO ilinunua umeme kutoka Zambia kwa ajili ya Sumbawanga, Tunduma na Mbozi. Balbu iliyowaka Vwawa, mashine ya kuchomelea iliyoziba shasi za malori Tunduma, hata chaja iliyorudisha uhai wa betri za magari, vyote vilikunywa umeme uliovuka mpaka kwenye waya. Mkoa huu, uliozaliwa mwaka 2016 ulipotengwa na Mbeya, ulikulia kwenye waya wa jirani.

Malori ya dizeli ya enzi zile za njia ya jehanamu hayakuhitaji umeme hata chembe baada ya kuwaka. Dizeli huwaka kwa joto la mgandamizo, pampu yake iliendeshwa na injini yenyewe, na kuizima kulikuwa kwa kuvuta kebo. Dereva mwenye stata mbovu alitafuta mteremko kwanza, ndipo akatafuta pa kulala. Alipoamka, aliondoa mawe kwenye matairi, akaachia breki, na mlima ukamfanyia kazi.

Magari tunayoagiza leo hayana tundu. Mengi ni ya otomatiki, na gia ya namna hiyo haiwezi kuunganisha magurudumu na injini mpaka injini yenyewe iwe inazunguka, kwa hiyo hata kijiji kizima kikisukuma ni bure. Pampu ya mafuta ni ya umeme. Kompyuta inataka volti zake kamili kabla haijakubali lolote. Dizeli za siku hizi nazo zinafungua nozeli kwa umeme. Siwalaumu waliobuni magari haya. Yanawaka kwa mguso mmoja asubuhi za baridi, yanakula mafuta kidogo, hayavunji mkono wa mtu, na mama aliye peke yake usiku hahitaji kushuka kwenye giza. Lakini naamini kuna heshima iliyopotea, na naihuzunikia kwa dhati. Aliyechora bampa ile alimwamini mtu asiyemjua, mkulima wa Mbozi au dereva wa Momba, kwamba atakuwa na akili ya kusikiliza, na mkono wa kutosha, na majirani. Gari la leo likizima linamwomba mwenyewe akae pembeni asubiri mtaalamu mwenye kompyuta.

Heshima hiyo imebaki kwenye pikipiki. Bodaboda nyingi zinazopita kati ya mitaa ya Tunduma zina kitufe cha kuwashia, na chini yake, upande wa kulia, bado kuna kiki. Kijana ambaye betri yake imekwisha anaifungua kwa kisigino, anatafuta mgandamizo kwa mguu bila hata kujua kwamba anautafuta, anakanyaga, anaondoka. Yule wa bodaboda aliyesaidia kusukuma Land Rover alielewa hendeli haraka kuliko wengine wote.

Kwa hiyo nina ombi kwa wenye magari ya namna hii, Vwawa, Mlowo, Itumba, Mkwajuni na kwingineko. Wanunuzi wa vyuma chakavu wanapita na mizani, na hendeli iliyolala miaka kwenye kona ya stoo inaonekana kwao ni kilo chache tu za chuma. Msiiuze. Kama imeshauzwa, fundi mzuri wa kuchomelea anaweza kutengeneza nyingine, mradi apime pini ya mbele ilingane na meno ya kranki na urefu utoshe kupita kwenye bampa bila kukwangua. Ipakwe grisi na ifungwe nyuma ya kiti mahali pake. Kisha atafutwe kijana wa nyumbani, aonyeshwe siku ambayo hakuna haraka, injini ikiwa ya moto na betri ikiwa nzima, maana kujifunza kwenye shida kunafundisha hofu tu. Aanze swichi ikiwa imezimwa, gia ikiwa huru, breki ya mkono imevutwa; gumba lake likishazoea kulala pamoja na vidole vingine, ndipo afunguliwe umeme.